Debe la Bwana Baadaye

Jiji lilipotanuka lilitukuta hapa hapa, likatuzunguka kushoto na kulia, likaendelea na safari zake. Tukabaki na barabara moja ya lami, shule, duka la mikate, saluni yangu, na bomba. Siku hizi kila nyumba ina maji yake, lakini ukimuuliza mtu mji wetu ulianzaje, hatakutajia lami wala shule. Atakupa habari za bomba, tena kwa kirefu, hata kama una haraka zako.

Kabla ya bomba palikuwa na kiwanda cha matofali na vibanda vya wafanyakazi, basi. Maji yalipofika ndipo watu walipoanza kujenga nyumba za kueleweka, na ndipo ilipozaliwa sheria yetu, ambayo haijaandikwa popote na hakuna anayethubutu kuivunja: debe likiwa kwenye foleni, mwenyewe yupo. Unaliacha debe lako kwenye mstari, unakwenda kupika, kufua, kugombana na mumeo, na ukirudi unalikuta limefika mbele, maana walio nyuma wamelisogeza kwa adabu zote. Kuliruka debe la mtu ilikuwa sawa na kumpiga kikumbo. Sisi watoto tulifundishwa kuyaamkia madebe. "Shikamoo, mama mkwe," nilimsikia mwanamke mmoja akiliambia debe lililokaa juani peke yake, na sidhani kama alikuwa anatania. Kuna mtu na mkewe mtaani kwetu wanaoapa kwamba madebe yao ndiyo yaliyochumbiana kwanza.

Nani aliyeanzisha mtindo huo, hakuna aliyejua.

Mwaka huu kamati ya mji iliamua kuchora picha kubwa ukutani, nyuma ya bomba. Ingekuwa nakala ya picha pekee tuliyo nayo ya siku bomba lilipofunguliwa, na chini ya kila mtu lingeandikwa jina lake. Picha yenyewe haizidi kiganja, tena imefifia. Inatunzwa na mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mpaka leo akituona tumesimama vibaya anatuambia tunyooshe migongo. Watu katika picha hiyo wanaitazama kamera kana kwamba itawauma. Mmoja tu ndiye aliyeinama bombani na kuipa kisogo, na vita vyote vilianzia kwa huyo.

Mama yangu alisema ule mgongo ni wa baba. Mama Mikate, mwenye duka la mikate, alisema ni wa marehemu mumewe, fundi bomba. Hawa wawili ni mashoga tangu mimi nanyonya. Kila asubuhi wanakunywa chai pamoja barazani kwetu, na mwaka huu kila asubuhi waliinuka wamenuniana.

"Shoga, bomba alilifunga mume wangu," Mama Mikate alikuwa akisema. "Nani mwingine angeinama pale?"

"Wako alikuwa na kitambi. Angeinama vile asingeinuka."

"Na wako aliinama lini? Mtu aliyeitwa Bwana Baadaye!"

Hapo palimchoma mama. Baba alifanya kazi kwenye tanuru la matofali, na akishatoka tanurini hakuna aliyemwona akiharakisha kitu. Ukimwomba apigilie msumari: baadaye. Ukimwambia paa linavuja: baadaye. Alifariki nikiwa darasa la pili, na hakuacha picha hata moja, kwa sababu kupiga picha nako kulikuwa kwa baadaye. Mama aliletwa hapa kama bibi harusi bomba likiwa limekwisha kufunguliwa, kwa hiyo alichokuwa nacho ni neno la baba tu. Siku moja baba alimwonyesha ile picha kwa kidole, akamwambia, "Yule pale ni mimi." Tangu hapo mama ameutazama mgongo ule miaka nenda, miaka rudi. Mimi hucheka kila kitu, lakini hilo sikuwahi kulicheka. Hiyo ndiyo sura pekee ya mumewe aliyokuwa nayo.

Mwisho mama alishinda, na alishinda kwa kumchosha Mwalimu. Alimfuata sokoni, alimfuata kliniki, alimfuata hata kwenye msiba wa watu, mpaka mzee wa watu akasalimu amri. Mama Mikate akasusa. Alifunga duka, na mji mzima ukala mkate wa jana.

Siku ya kufunua ukuta tulijaa pale bombani. Mama alivaa gauni lake la bluu, nywele nilizisuka mimi mwenyewe, na Mama Mikate alikuja kusimama mbali kidogo, mikono kifuani. Mchoraji, binti mpole asiyependa maneno mengi, alivuta shuka, na watu wakapiga vigelegele. Kila mtu alikuwa mkubwa kama alivyokuwa maishani. Binti alichovya brashi tayari kuandika jina la kwanza, la baba yangu, chini ya mgongo.

Mama hakuwa akiutazama mgongo. Alikuwa amesogea hadi mwisho wa foleni, pembeni kabisa mwa ukuta.

"Mwanangu, njoo," aliniita kwa sauti ndogo. "Hebu litazame debe hili."

Nililitazama. Kwenye picha ndogo tulidhani ni doa, lakini binti alikuwa ameikagua kwa kioo cha kukuzia. Wengine wote waliopanga foleni walikuwa wamekumbatia madebe yao, na hili moja lilikaa chini peke yake, bila mtu. Lilikuwa limebonyea karibu na mdomo, na mpini wake ulikuwa wa waya uliosokotwa.

"Limefanana na la kwetu," nilisema. La kwetu liko mlangoni, mama amepandia maua.

"Halijafanana. Ndilo." Alishika shavu. "Baba yako alikuwa akijisifu kwamba ndiye mtu pekee aliyewahi kuteka maji akiwa usingizini. Mimi nikadhani porojo. Alikuwa amelala, mwanangu! Watu wanahutubiwa, yeye kaacha debe, kaenda kulala!"

"Lakini si alikuambia yule ni yeye?"

"Alinyoosha kidole huku." Aliligusa kwa kidole debe lililochorwa. "Huku pembeni. Mimi ndiye niliyetafuta mtu."

Nilielewa upesi kuliko nilivyotaka. Brashi ilikuwa hewani, na hakuna mwingine aliyejua. Nikamfinya mkono. "Mama, nyamaza. Nakuomba. Acha aandike." Nilimtaka baba yangu ukutani, na sioni aibu kusema hivyo.

Mama alinitazama, akautoa mkono wangu, akapaza sauti. "Binti, ngoja! Ule mgongo si wa mume wangu. Ni wa mume wa shoga yangu."

Akaeleza yote, hata habari za usingizi. Watu walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu Mama Mikate alikuwa analia na mama naye alikuwa amesimama mikono mitupu. Mwalimu alikohoa. Alimwambia mchoraji aandike jina la fundi bomba, halafu akamgeukia mama, na nilimwona amekosa raha.

"Dada yangu, tumekusikia. Lakini ukuta huu ni wa waliokuwepo. Kama mwenzetu alikuwa nyumbani..."

"Mwalimu!" Mama Mikate alipenya katikati ya watu, bado anafuta macho kwa khanga. "Debe lipo au halipo?"

"Lipo."

"Liko kwenye foleni au liko njiani?"

Mwalimu aliugeukia ukuta. Nusu ya watu waliokuwa pale aliwahi kuwachapa kwa kosa la kuruka debe la mtu.

"Liko kwenye foleni," alisema.

"Mwenyewe yupo!" mji mzima ulijibu, na mimi nilipiga kelele kuliko wote.

Mwalimu alivaa miwani, akawakagua watu wa ukutani mmoja mmoja, na madebe yao vifuani. "Kumbe ndiye aliyeanzisha," alisema taratibu. "Miaka yote nimesimamia sheria ya mtu aliyekwenda kulala." Chini ya debe binti akaandika: Bwana Baadaye.

Mama Mikate akafungua duka, mikate ikaliwa bure, na kamati ikataka picha mpya, mji wote upange foleni vile vile. Jua lilikuwa kali, na mpiga picha hakuwa mtu wa haraka. Nilipotazama nyuma sikumwona mama. Nikashtuka, nikaanza kumwita. Mara nikamwona anatoka nyumbani na debe, pamoja na maua yake yote. Akaliweka kwenye mstari, ubavuni mwa Mama Mikate, akavuka barabara, akaketi kwenye kiti cha saluni yangu chini ya feni.

"Mama, picha inapigwa!" niliita. "Wewe uko wapi?"

"Niko hapo," alijibu, akafumba macho.