Titi la Kwapani

Mimi kutekenywa siwezi. Tangu utotoni, ukinigusa kwapani nakurushia chochote kilicho mkononi. Baba watoto analijua hilo, ana kovu juu ya nyusi. Kwa hiyo mjue mapema kwamba niliyomvumilia yule mtoto wa nguva sijawahi kumvumilia binadamu.

Aliletwa kituoni kwetu, tunakolea wanyama yatima, akiwa amefungwa taulo zilizolowa. Mama yake alinasa kwenye wavu uliotupwa na watu wasio na haya. Nguva lazima apande juu avute pumzi kama sisi, akizuiwa anakufa maji humo humo baharini kwao. Mtoto alikutwa anazunguka pale pale akimwita. Nguva huita kwa sauti nyembamba, kama kifaranga. Nilipoisikia bwawani niligeukia ukuta nikajifanya natafuta ndoo. Kituoni wananiita Mama Ndoo, maana kazi yangu ni kulisha wanyama, na ndoo hainitoki mkononi.

Akagoma kunyonya. Daktari wetu, kijana mpole asiyejua kupandisha sauti, alichanganya maziwa, tukachuchumaa ukingoni tukamsogezea chupa mdomoni kama tunavyofanya kwa ndama. Anageuza uso. Tukabadilisha chuchu, tukabadilisha maziwa, nikambembeleza, nikamfokea. Wapi! Ngozi ya shingo ikaanza kulegea. Daktari akaniambia kwa unyonge kwamba asiponyonya leo, kesho hatuna naye.

Nikaingia majini na nguo zangu za kazi, kwa hasira tu. Juu ya bwawa kuna turubai la kijani, na mchana ule kila kitu kilikuwa kijani: maji, mikono yangu, yeye. Kelele za nje zilififia. Nilisikia pumzi yake tu, fyuu, kisha kimya, kisha fyuu. Nilikuwa kama nimelala macho wazi. Akapanda mgongoni mwangu akajilaza, kama watoto wa nguva wanavyojilaza kwa mama zao. Kisha akateleza ubavuni, akanitia pua kwapani. Pua yenyewe ina ndevu ngumu kama brashi ya viatu. Nikapiga yowe, nikamsukuma.

Akarudi. Nikamsukuma tena, huku nacheka na machozi yananitoka.

Daktari alijipiga kofi kwenye paji la uso.

"Mama Ndoo, usimsukume. Anatafuta titi."

Titi la nguva liko kwapani, nyuma ya pezi. Wote wawili tulilijua hilo. Picha yake iko ukutani, naipangusa vumbi kila asubuhi. Ila mikono yetu ilizoea ndama, basi tukamlisha kama ndama.

Nikabana chupa kwapani, chuchu ikitazama nyuma, nikauma meno. Akaja. Jamani, zile ndevu! Nilijikaza mpaka vidole vya miguu, kwani ningetikisika angeogopa asirudi. Nikakumbuka misiba yote ya ukoo wetu nisicheke. Mara chupa ikaanza kutetemeka, nikamsikia anameza.

Nilipomsimulia baba watoto alinuna. Miaka yote ya ndoa, kumbe naweza kuvumilia! Nikamwambia awe yatima kwanza.

Ikapita miezi ya kijani, siku hazitofautiani. Alinyonya kwapani, akajifunza kula nyasi za bahari, anazing'oa na mizizi na kuacha njia nyeupe mchangani. Akanenepa. Nilimpenda, sifichi. Lakini Daktari alinikumbusha kwamba nguva anayefuata watu atafuata na boti, na boti zina pangaboi chini, zinakata kama visu. Abaki wetu afe, au aende zake aishi.

Tukampeleka baharini kwenye malisho, maji ya kifuani. Wenzake walikuwa wanakula kwa mbali, migongo ikitokea na kuzama. Akainama, akala, akasogea mbele. Kisha akageuka, akanijia, akanitia pua kwapani. Chupa sikuwa nayo. Ndevu zake hazikunitekenya hata kidogo, na nilitamani nisimame hivyo hivyo mpaka jua lizame.

Nikamsukuma.

Akarudi. Nikamsukuma tena, kwa nguvu, kama siku ile ya kwanza, ila sikuwa nacheka. Akaita. Mbali kule, mwingine akamjibu kwa sauti ile ile ya kifaranga. Akapiga mkia mara moja, akaenda, nami nikabaki nimeinua mkono.