Jiko Lisilohitaji Pua

"Hiki kinashika," alisema Subarna, muuza majiko, akibandika sumaku kwenye tako la kikaango. Sumaku ikang'ang'ania chuma kama kupe. "Lakini tazameni tumbo lake lilivyobinuka. Jiko la sumaku linataka chombo bapa, kinachokaa na kutulia. Hiki chenu kitacheza ngoma."

Ratnakaji alicheka. Mkewe, Rojina, hakucheka. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, amekumbatia mfuko mtupu waliobebea kikaango. Mama yake Ratnakaji, Purnamaya Maharjan, naye hakucheka, maana kikaango kilikuwa chake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaangia juu yake wo, ile mikate minene ya dengu nyeusi ambayo watu wa mji wa Patan huila asubuhi, katika chumba cha chini cha nyumba yao ya mtaa wa Chyasal. Watu walikuja na masweta juu ya nguo za kulalia, wakakaa kwenye benchi, wakangoja.

"Nieleze moja moja," Ratnakaji alisema. "Nataka jiko ambalo mtu hata akiwa mzembe vipi, hatatuua."

Hakugeuka aliposema hivyo. Hata hivyo Rojina aliinamisha kichwa.

Subarna alijifuta mikono kwenye suruali, akaanza kutembea kando ya meza ndefu ya duka. Hili la kwanza, jeusi kama dirisha usiku, ndilo la sumaku: halina moto, linapasha chombo chenyewe, ukiondoa sufuria linazima. Hili la pili, nalo la kioo, huwa jekundu ndani likiwaka. Linakubali sufuria yoyote, hata chungu cha bibi, lakini ukizima linabaki na moto wake nusu saa, mtoto akigusa utamsikia. Na haya hapa ya gesi, pleti mbili, pleti tatu, chuma au kioo.

"Mimi ningekuwa nyinyi ningechukua umeme," alisema. "Umeme ni wa mito yetu. Gesi lazima ije na lori kutoka kusini, na mwaka ule malori yalipokwama mpakani mnakumbuka tulipikia nini."

"Kuni, juu ya paa," Ratnakaji alisema. "Nyumba nzima ilikuwa nyeusi."

"Basi. Shemeji ndiye mpishi?"

"Ndiye aliyeacha gesi wazi. Siku kumi zimepita leo. Mtoto wetu alikuwa amelala ghorofani."

Subarna alipiga mluzi. "Aa, shemeji! Ulikuwa kwenye simu, sema kweli!"

Rojina alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni. Purnamaya aligeukia rafu ya masufuria akayatazama kana kwamba ndiyo yaliyomleta.

Pua yake ilikuwa imekufa tangu Magh, mwezi wa baridi kali, kwenye ile homa iliyomlaza siku tisa. Alipoamka na kushuka jikoni, alimwaga mafuta ya haradali kikaangoni kama kila siku, akangoja. Mafuta ya haradali yana ukali unaochoma pua yakiwa mabichi. Ukiyapa moto ukali unaondoka, na mahali pake inakuja harufu nyingine, tulivu, inayofanana na karanga. Hapo ndipo unapotia rojo ya dengu. Hakuna anayefundishwa hilo kwa maneno. Purnamaya alingoja ukali uondoke, kisha akatambua kwamba haukuwa umekuja. Moshi ulipanda mbele ya macho yake kama moshi unaoonekana ng'ambo ya dirisha lililofungwa.

Alifikiri pua itarudi. Alitafuna tangawizi, alivuta mvuke, alikwenda kuwasha taa hekaluni alfajiri kumi na mbili mfululizo. Haikurudi. Akaanza kukaanga kwa macho. Siku za jua aliweza, siku za mawingu, chumba kikiwa na giza, alikosea, na mtu kwenye benchi akasema, "Bibi, leo mafuta mabichi." Purnamaya alikuwa akijibu, "Leo kawasha Rojina." Neno dogo, analisema bila kuinua macho. Alioga mara mbili kwa siku, hata kwenye baridi, kwa kuwa hakujua tena kama ananuka.

Angemwambia nani? Chyasal nzima ilijua pua yake. Kwenye karamu za ukoo, wapishi wanaume waliopika kwa masufuria makubwa kama ngoma walimwita apite tu juu ya mvuke na kusema kilichopungua. Mwanawe alijivunia pua hiyo kama wengine wanavyojivunia nyumba.

Halafu ikaja asubuhi ile. Alibandika chai, akapanda kusali. Chai ikafura, ikamwagika, ikauzima moto. Aliporudi aliona jiko halina moto, akadhani alilizima mwenyewe, akakaa kwenye kigoda kando yake kumenya dengu zilizolowekwa. Alimenya kwa muda mrefu. Hata aliimba. Seremala wa mtaa wa pili ndiye aliyefika mlangoni na sigara mdomoni, akasimama, akaitema kwenye mtaro na kuanza kupiga kelele kwamba gesi inanuka. Rojina aliteremka ngazi kwa miguu mitupu, akafunga mtungi, akafungua madirisha, akarudi juu mbio kumbeba mtoto.

Ratnakaji alipokuja kutoka kazini, alisimama katikati ya chumba. "Nani?"

"Rojina alikuwa anachemsha maziwa," Purnamaya alisema.

Ilikuwa kweli kwamba Rojina alikuwa amechemsha maziwa, saa mbili kabla, na alizima vizuri. Rojina alimtazama mama mkwe wake. Alimtazama muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi na kuitoa, kisha akaangalia sakafu.

Habari ilizunguka kisimani na sokoni. Bina, jirani wa mkono wa kulia, alisema wake wa siku hizi wanataka kurithi mapema. Siku ya nne mama yake Rojina alikuja kutoka Kirtipur, mwanamke mnene mwenye goti bovu, akiwa na chungu cha mtindi na mayai ya bata. Alipanda ngazi zote akishika ukuta. Kisha akainama, goti na yote, akagusa kwa paji la uso miguu ya Purnamaya na kusema, "Mtusamehe. Nilimlea vibaya." Na Purnamaya, Mungu amwone, alimwekea mkono kichwani akamsamehe.

"Mama!" Ratnakaji alimwita. "Njoo huku. Hili la gesi lina ujanja."

Lilikuwa la pleti tatu, kioo cheusi. Subarna alikuwa ameliunganisha na mtungi mdogo chini ya meza. "Moto ukizimika wenyewe, gesi inajifunga," alisema. "Upepo, maji, chai ikifurika, vyovyote. Tazameni." Akawasha, akaupuliza moto kama mshumaa wa keki, akainua kidole. Baada ya muda mfupi kitu kikalia *tak* ndani ya jiko. "Basi, imefungwa. Sasa nipeni mtu mwenye pua."

"Pua?" Ratnakaji alijitanua. "Bwana, umepata. Mama yangu akiwa huku anajua wali wa nani umeungua Kumaripati."

Wote wakamgeukia. Purnamaya alisogea mezani, akainama mpaka kidevu kikakaribia kioo. Akavuta pumzi. Hewa iliingia, baridi, tupu.

Alikuwa ameshajua anachotaka tangu Subarna alipotaja jiko la kwanza. Jiko lisilo na moto, lisilo na gesi, lisilohitaji pua. Wakinunua lile hakuna atakayejua kamwe. Kikaango kipya bapa, vitufe, namba, na yeye atakufa na sifa yake. Alichotakiwa kufanya ni kulikataa hili. Tena moto umezimwa sasa hivi, alijiambia, lazima kuna harufu.

"Inanuka," alisema. "Kali."

Uso wa Subarna ulibadilika. Aliinama akanusa, akazunguka akanusa upande wa pili. "Hainuki, mama."

Ratnakaji akanusa. "Mama, mbona mimi sisikii kitu?"

"Nimesema inanuka."

Subarna akafunga mtungi, akaufungua, akapaka sabuni kwenye mpira wa gesi na kutafuta mapovu. Hakuna povu. Akainua macho, na katika macho yake Purnamaya aliona mwanzo wa swali.

"Inanuka kidogo," ilisema sauti nyuma yao. "Hata mimi nimeisikia."

Rojina. Bado alikuwa hatua mbili nyuma, mfuko kifuani. Hakuwa amelikaribia jiko.

"Wewe?" Ratnakaji aligeuka. "Leo ndiyo umepata pua? Siku ile ulikuwa umeiacha wapi, kwenu Kirtipur?"

Subarna alicheka kwa sababu mteja amechekesha. Masikio ya Rojina yakawa mekundu. Purnamaya aliyatazama masikio yale. Anajua, aliwaza. Na joto likapanda kutoka tumboni hadi kwenye mizizi ya nywele zake nyeupe, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni akagundua kwamba kwa miezi minane amekuwa akitembea hivyo na mtu mmoja alikuwa anamfunika.

"Mwache," alisema.

"Mama, wewe hujui anavyo..."

"Mwache, nakwambia. Ilikuwa mimi."

"Nini ilikuwa wewe?"

"Gesi. Chai yangu ilizima moto. Nilikaa pale pale, nikimenya dengu, na sikusikia kitu. Sisikii kitu tangu Magh. Hapa pia nimesema uongo." Sauti yake ilikuwa kavu, kama anayetaja bei. "Mkeo nilimsingizia."

Subarna alipata ghafla kazi ya kufuta kioo cha jiko la mwisho kabisa. Ratnakaji akamshika mama yake kiwiko. "Mama, twende tuzungumze nje."

"Nje kuna nini? Yeye nilimsingizia mbele za watu."

Ratnakaji alimgeukia mkewe polepole, kama mtu mwenye shingo inayouma. "Ulijua?"

"Tangu siku ya maziwa yaliyochacha," Rojina alisema. "Mama alitia kwenye chai, akanywa, akasema chai nzuri."

"Na hukusema! Siku kumi hizi!"

"Ningesema, nani angeniamini?"

Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ratnakaji akashika kikaango juu ya meza, akakigeuza, akakigeuza tena, fundi wa pikipiki ambaye kila kitu mkononi mwake hupona, na hiki hakikuwa na kitu cha kutengeneza.

"Na mama yako?" Purnamaya aliuliza. Aliyaona tena magoti ya yule mama yakishuka. "Mama yako anajua?"

"Aliniuliza mara moja. Nikamwambia nilisahau."

Purnamaya alitafuta neno. Kwao mama mkwe hampi mkwe neno la kuomba radhi. Hapakuwepo mahali pa kulichukua. Alishika ukingo wa mfuko uliokuwa kifuani mwa Rojina, akauvuta, na Rojina akauachia. Basi akasimama nao yeye.

"Kwa hiyo," Subarna alisema kwa mbali, akikohoa, "mnachukua la sumaku?"

Ratnakaji alimtazama mama yake. Purnamaya alimtazama Rojina. Ikachukua muda Rojina kuelewa kwamba wanangoja aseme.

"Liwashe tena hilo la gesi," alisema mwishowe, akasogea mezani. Subarna aliwasha, akapuliza. *Tak.* Rojina akainama akanusa mwenyewe, macho yamefumbwa, pleti zote tatu. Aliposimama sauti yake ilikuwa ya mtu anayenunua. "Hili kwa wo. Kikaango hakikai kwenye kioo kile, na wo bila kikaango hiki si wo. Na la sumaku dogo, la chai na wali. Mama atatumia lile."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Na utupunguzie, umetucheka vya kutosha."

Asubuhi iliyofuata Ratnakaji alichelewa kwenda kazini. Alifunga mpira wa gesi, akaupima kwa sabuni, akafunga tena, kisha akazunguka zunguka chumbani akimwita Rojina kwa jina, na kila alipoitikiwa alikuwa amesahau alichotaka. Mwishowe akaenda. Rojina alikaa kwenye kigoda cha moto. Purnamaya alikaa pembeni, mbele ya kioo cheusi kilichoonyesha namba, akichemsha chai asiyoijua imefikia wapi mpaka aone mapovu.

Benchi lilijaa. Bina, jirani wa mkono wa kulia, aliingia akifunga shali, akasimama mlangoni akawatazama wote wawili.

"Haa! Bibi, umempa tena moto huyu?" alisema, kwa sauti ya kufikia benchi zima. "Siku kumi na moja tu zimepita, na wewe umekaa pembeni unamwangalia?"

Vikombe vilitulia. Seremala aliacha kutafuna. Purnamaya alihisi vidole vyake vikitafuta kitu cha kushika na kukuta upindo wa sari yake. Alimwangalia Rojina.

Rojina alimimina rojo ya dengu kikaangoni, akaisambaza kwa vidole vilivyolowa, akatia yai juu yake na kufunika. Kisha akafuta mikono, akainua uso, akangoja kusikia Purnamaya atajibu nini, kama wengine.