Soumaya ni wa Upande Gani?

Nyinyi mmesikia wapi mkutano wa daktari unaendewa kama kesi? Sisi ndivyo tulivyokwenda. Kiti cha nyuma walikaa mashitaka na utetezi, yaani mama mkwe wangu Bi Asiya na mama yangu mzazi Mwavita. Katikati yao alikaa binti yangu Soumaya, bakuli la sambusa mapajani, anaimba. Gari halikuwa letu. Mume wangu Massoudi ni fundi, na fundi wa mtaa wetu wa Buyenzi akimaliza kutengeneza gari la mtu lazima alijaribu barabarani. Siku hiyo alilijaribu na ukoo mzima.

Mi naitwa Lisette. Nilipoolewa nikasilimu, nikawa Assia, wajina wa mama mkwe. Bi Asiya akiwa na furaha na mimi huniita Assia. Kwa miaka minane nilikuwa Lisette.

Ilianza siku Soumaya alipozaliwa. Mkunga alimtazama macho, akamtazama viganja, akatamka neno moja, trisomi, yaani ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, akaenda zake. Basi nje watu walikuwa wanapigana kwa bunduki, na ndani ya nyumba yangu wakaanza kupigana wazee wawili. Bi Asiya aliapa kwamba kwao, watu wa Buyenzi tangu na tangu, hajapata kuzaliwa mtoto wa hivi. Mama yangu, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, mdomo haumlali, akajibu kwamba kwao wanazaa watoto wazima kama mikate ya tanuri moja. Pua? Si yetu. Masikio? Kwetu hatuna masikio hayo. Hata kucheka kwa mtoto walikataa wote wawili, na Soumaya anacheka vizuri, jamani, mtaa mzima unasikia.

Halafu redio ikatangaza: daktari Adélaïde atazungumza juu ya trisomi kule Kigobe, familia zote zinaalikwa. Kwetu familia si baba na mama peke yao. Bi Asiya akajifunga kanga.

"Daktari atakata maneno," akasema. "Akisema imetoka kwa kina Lisette, mi namuletea mutoto wangu Massoudi bibi mwingine. Iko mumoja kule Rumonge, nishamuona."

Nikamtazama Massoudi. Alikuwa anasugua plagi ya gari kwa kitambaa, anasugua tu, kama vile aliyeoa ni mtu mwingine. Kusugua kule kuliniuma kuliko maneno ya mama yake. Usiku sikulala.

Njiani askari wa kizuizi alitusimamisha, akauliza tunakwenda wapi. Kosa! Wazee wakateremsha vioo kwa pamoja.

"Mwanangu, we mutu wa serikali, angalia hii pua. Inafanana na yangu?" akaanza Bi Asiya.

"Apana, angalia masikio kwanza! Masikio!"

Askari akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama Soumaya aliyekuwa anamnyooshea sambusa. Akaichukua. "Genda, genda!" akasema, na kutupungia mkono tupite upesi. Hata mwenye bunduki aliikimbia kesi ile.

Kufika ukumbini nikashangaa. Watu wamevaa vizuri, viti vimejaa, lakini mtoto hakuna hata mmoja. Wote wamewaacha nyumbani! Mkutano wa watoto bila watoto, harusi bila bibi harusi. Hasira ikanipanda, nikaanza kutafuta nani nimwambie. Soumaya hakuningoja. Kwetu amefundishwa kwamba mkubwa hapitwi bila salamu, basi akapita kiti kwa kiti, anatoa mkono, "Shikamoo," anangoja ajibiwe, ndipo anasogea. Wengine walijibu wakiangalia chini. Mama mmoja alimshika mkono akashindwa kuuachia, machozi yanamtoka. Akaniuliza pole pole kama mwakani na yeye anaweza kuja na wake. Hasira ikaniisha.

Daktari alieleza kwa Kifaransa, akaeleza kwa Kirundi, na Soumaya akampigia makofi kila alipopumua. Bi Asiya akachoka. Akasimama bila kuomba nafasi.

"Daktari, samahani. Sisi hatukuja kusoma. Imetoka upande gani?"

Daktari akageukia Kiswahili, kumbe mtoto wa mjini. "Mama, mara nyingi sana haitoki upande wowote. Mutoto anapoanza tu kuumbika, kunazidi kakitu kamoja kadogo mwilini. Hakuna aliyekaleta."

Sijui nani alinisimamisha. "Na risasi?" nikauliza. "Tulikimbia nikiwa na mimba. Nililala mtaroni, nikashtuka sana."

"Hata risasi, mama. Si kosa lako."

Nikakaa. Miaka minane nilikuwa nimeuficha mshtuko ule, hata Massoudi sikumwambia, nikiamini ndio ulioniharibia mwanangu. Niliona nafuu.

Wazee wangu, je? Wamenuna! Kama watu walioambiwa mpira umefutwa na tiketi hazirudishwi.

"Kwa hiyo hana upande?" akauliza Bi Asiya.

"Daktari amesema hana," mama yangu akajibu.

"Basi kama hana upande, ni wa kwangu."

"Ebo! Wa kwako toka lini, Mama Massoudi? Mutoto anacheka kama mi!"

"We unacheka vile? Na hii pua? Si ya marehemu mume wangu hii?"

"Beba pua. Masikio ni ya Uvira, usiyaguse!"

Walikuwa wamemshika kila mmoja mkono wake, na Soumaya katikati amekufa kwa kicheko. Ukumbi mzima uligeuka kututazama. Massoudi naye akacheka. Nikamwambia atacheka vizuri tukifika nyumbani, atakapoanza kunieleza ile plagi yake.

Lakini moyo wangu ulikuwa haujatulia. Nikainama sikioni kwa mama mkwe.

"Mama, na yule wa Rumonge?"

Hakuniangalia. Alikuwa anamfuta Soumaya mafuta ya sambusa mdomoni kwa ncha ya kanga yake.

"Rumonge gani? Acha maneno mengi," akasema. "Tuletee maji, Assia. Mutoto wetu ana kiu."

Nikaenda kuleta maji huku nalia mbele za watu wote wale, na sikuona haya.