Zamu ya Nyar Karungu

Kisima kilikuwa kimoja, wenye kukitegemea wawili: Gordon na shemeji yake Phelesia, mjane wa kakake, ambaye watu wa Sindo walimwita Nyar Karungu, maana ndiko alikozaliwa. Leo huyu anapiga pampu, kesho yule. Hapakuwa na neno mpaka Februari hii, pampu ya Gordon ilipoanza kukoroma na kutema matope kabla hata ya saa tatu.

Nyanya zake zilikuwa zimelegea majani, na ndizo pekee alizokuwa nazo msimu huu. Za Phelesia, ng'ambo ya ua tu, zilikuwa zimesimama wima, kijani cha kukata na shoka. Wewe ungefikiri nini? Gordon naye alifikiri hivyo hivyo. Jumapili baada ya ibada akawaambia wenzake wa kikundi cha wakulima kwamba shemeji yake anamwibia maji. Mdomo, jamani!

Jumanne, zamu ya Phelesia, akarauka kwenda kumfumania. Hakusikia pampu. Alimkuta mama wa watu amepiga magoti kati ya mistari, amefukua maganda ya njugu aliyoyatandaza shinani mwa miche, ameingiza mkono ardhini hadi kifundo, anaufinya udongo ngumini.

"Karibu, shemeji. Leo simwagilii."

"Kwa nini?"

"Angalia. Umeshikana. Chini kuna maji bado, na haya maganda hayaachi jua liyanywe. Hii ni zamu ya tatu sijapiga pampu. Nimekiacha kisima kijae, nasikia yako hayatoshi."

Yawa! Zamu tatu! Sasa maji yalikuwa yakienda wapi? Gordon aliruka ua, akatia mkono shambani kwake. Udongo ukamchuruzika vidoleni kama uji, unanuka. Akang'oa mche mmoja: mizizi imeoza. Miche haikuwa na kiu, ilikuwa inazama. Amekua akiliona ziwa mlangoni kila asubuhi, haliishi, akadhani na kisima ni hivyo hivyo. Kila zamu yake alifurisha mitaro mpaka maji yasimame, ndipo roho yake itulie.

Phelesia alikuja akaikagua mistari, mmoja mmoja, bila kumcheka.

"Ya huku chini imekufa. Ya juu itapona, usipoigusa kwa maji wiki nzima. Maganda nitakupa."

Moyo ulimwuma Gordon. Mwanamke huyu hakwenda shule ya kilimo hata siku moja, na udongo alikuwa akiujua kama anavyowajua watoto wake.

"Shemeji," akasema, "kuna jambo. Jumapili nilikusema vibaya kanisani."

"Najua. Nililetewa maneno jioni ile ile."

"Na bado umeniachia maji ya leo?"

"Nyanya zako hazikunisema."

Gordon hakunywa chai asubuhi hiyo. Alianzia kwa Bonface, mwenyekiti wa kikundi, kisha akapita nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu kwamba mwizi wa maji ni yeye mwenyewe.