Alama Kando ya Kitovu

"Kata, Mma. Nimeshasema kata."

Mma Segokgo alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya chumba cha kushonea, mikono kaitandaza, gauni lake la leteisi ya buluu, kile kitambaa chetu cha sherehe, likimning'inia utadhani kaliazima kwa dada yake. Kelebonye, fundi wake, alikuwa amepiga magoti chini yake na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kujibu.

"Kitambaa kinachozidi hakikatwi, Mma. Kinakunjwa ndani."

"Kikunjwe ndani cha nini? Kinanivimbisha ubavuni. Mimi kule nilikotoka sirudi."

"Mwili hauagi unapokwenda, wala haupigi hodi unaporudi."

"Ijoo! Sema wa kwako," alicheka Mma Segokgo. "Wa kwangu nimeufunza adabu."

Kelebonye akakunja ndani. Miaka thelathini na moja amekuwa akitushonea hapa Molepolole, na hajawahi kukata ziada ya kitambaa cha mtu aliyepungua. Wangapi walipungua kwa homa au kwa msiba, kisha wakanenepa tena, na gauni likafumuliwa kidogo tu likawatosha? Ukikata, umemwambia mtu asirudi.

Lakini Mma Segokgo alikuwa na haraka. Arusi ya mpwa wake ilikuwa Jumamosi, na mashangazi kumi na mmoja walikuwa wanakwenda kumpokea bibi arusi wamevaa leteisi ya jora moja. Gauni lake lilikuwa linapunguzwa kwa mara ya tatu tangu Juni.

Mwanzoni, alipoanza kukonda, midomo yetu haikulala. Sisi tunajuana. Mwanamke akikonda ghafla, watu humdhania ana ugonjwa wa kuambukiza, wakaanza kumsogezea kikombe chake peke yake. Mma Segokgo akaona heri awahi. Akasimama mbele ya akina mama wa kanisa, akazunguka mara moja wamwone, akasema: "Siumwi! Ni mboga za majani, ni maji, ni kutembea, na ni kujizuia. Basi!" Wakampigia vigelegele. Wauguzi nao waliposikia wakamwita kliniki siku ya wagonjwa wa sukari, aje awape moyo.

Siku hiyo Kelebonye, naye mgonjwa wa sukari, alikuwa kwenye benchi la mbele. Aliyasikia yote.

"Ni mdomo tu, jamani," alisema Mma Segokgo, akipitisha macho kwenye benchi zile. "Mkiufunga, sukari itashuka. Mbona mimi nimeweza?"

Mdomo! Kelebonye alikuwa ameufunga mdomo wake miaka miwili. Chai ya vijiko vinne vya sukari aliiacha akainywa kavu. Magwinya ya asubuhi, yale maandazi ya moto ambayo harufu yake tu inakutoa kitandani, aliyaacha. Ugali aliupima kwa ngumi kama alivyoambiwa na muuguzi: "Ngumi yako, Mma, si ya mumeo." Na chakula kilimsaidia, asikudanganye mtu. Kiliitoa sukari yake kwenye kumi na sita kikaifikisha kumi na moja. Hapo kikagoma. Daktari akamwandikia sindano ya kujichoma tumboni mara moja kwa wiki, ile inayoshusha sukari na kukondesha pia, bima ya binti yake mwalimu ikalipa, na kufika Krismasi mashine ikasoma saba. Alicheza palepale kliniki.

Kisha, mwezi wa nane, Kabo wa duka la dawa alimtazama juu ya kaunta akasema, "Imeisha, Mma." Wiki ya pili, imeisha. Wiki ya saba, imeisha. Ati nchi nzima hamna.

Mashine ikapanda mpaka kumi na nane. "Unakula kwa siri," muuguzi alimwambia.

"Sili, mwanangu."

"Mashine haidanganyi, Mma."

Mtu ukiambiwa hivyo na aliyevaa sare nyeupe, unaanza kujishuku. Kelebonye alirudi nyumbani akakagua sufuria zake mwenyewe kama mwizi. Akaona labda ni maharage. Akaona labda ile ngumi yake kubwa. Akaamua kufanya kama Mma Segokgo: mboga za majani na maji, hakuna kingine. Siku ya nne, vidonge vyake vya sukari vya asubuhi vikiwa tumboni bila chakula, sukari ilimshuka ghafla, jasho jembamba likamtoka, mkono ukateleza, cherehani ikaendelea kukimbia na sindano ikapita katikati ya kidole chake cha shahada. Alikaa akikitazama kidole kile kilichoshonwa kwenye ukosi wa shati la mtu, hana hata nguvu ya kuita.

Na macho. Hilo ndilo lililomtia hofu. Ukungu ulikuwa umeingia machoni, siku hizi akitunga uzi kwa kupapasa. Daktari hakumficha: sukari ikikaa huko juu, macho yataharibika, na yakiharibika hayatengenezwi. Bila macho, Kelebonye angekuwa mwanamke tu aliyekaa karibu na cherehani.

"Bado kinavimba," alilalamika Mma Segokgo juu ya kigoda. "Hebu tazama mwenyewe!" Akafungua vifungo vya ubavuni, akapandisha shimizi mpaka kifuani, akajipiga kofi tumboni kwa majivuno. "Tazama tumbo hili! Kuna cha kurudi hapa?"

Kelebonye akasogeza uso karibu, maana kwa mbali haoni. Karibu na kitovu, vidole viwili upande wa kushoto, palikuwa na alama ndogo ya mviringo, ya buluu iliyoanza kugeuka manjano. Upande wa kulia nyingine, mbichi zaidi, na katikati yake kitundu.

Alama zile hakuhitaji kuambiwa ni za nini. Alikuwa nazo mwilini mwake, zilizofifia sasa kwa wiki saba.

"Hii nini, Mma?"

"Ipi? Aa, mbu."

"Mbu gani huyu anayeuma mara moja kwa wiki, leo kushoto, wiki ijayo kulia?"

Shimizi likashuka haraka. "Kelebonye, shona. Umelipwa ushone."

"Nauliza unaitoa wapi. Mimi naambiwa hamna."

Mma Segokgo alitazama mlangoni, kisha dirishani. "Si dhambi," alisema kwa sauti ya chini. "Nanunua kwa hela yangu. Kabo ananiwekea. Tupo kadhaa, si mimi peke yangu." Kisha akauona uso wa fundi wake. "Lakini sikujua kama na wewe... Basi sikiliza. Nyumbani ninazo nne. Nitakuletea moja."

"Uniletee moja ya kwangu?"

"Mma, usikasirike..."

"Nikasirike mara ngapi!" Kelebonye aliinuka, magoti yakalia. "Ulisimama mbele yetu sisi wagonjwa, na sindano yetu tumboni mwako, ukatuambia tufunge mdomo. Mimi nikaufunga! Nikaufunga mpaka nikajishona kidole!" Akakiinua, kimefungwa kitambaa cheupe. "Muuguzi ameniita mwongo. Nami nikaamini, Mma. Nimeomba msamaha kwa Mungu kwa ugali ambao sikula!"

Machozi yalimtoka Kelebonye, ya hasira, akayafuta kwa kiganja kwa nguvu. Mma Segokgo naye alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili.

"Hujui walivyokuwa wananiita," alisema. "Jiko la kanisa, kwa unene wangu. Mume wangu mwenyewe alikuwa anacheka nao. Tafadhali, usiseme kabla ya Jumamosi."

Kwa jambo hilo la mume, ukweli nasema, Kelebonye alimhurumia. Lakini huruma haikumrudisha chini akapige magoti. Alichukua pochi yake nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi? Na pini hizi?"

"Zitoe mwenyewe. Zinachoma kidogo tu, na wewe umezoea."

Dukani kwa Kabo foleni ilifika mlangoni. Wengi walikuwa wale wale wa benchi za kliniki. Mbele yake alikuwa Rra Mosimanegape, mzee wa ng'ombe, mguu mmoja kiatuni na mwingine umefungwa bandeji, kidole gumba kilishakatwa mwezi uliopita kwa sukari hiyohiyo. Kelebonye akamwomba radhi, akapita hadi mbele.

"Kabo, sindano yangu."

"Imeisha, Mma. Labda mwezi ujao."

"Fungua friji."

"Mma?"

"Friji lile nyuma yako. Lifungue nione kuisha kunafananaje."

Foleni ikasogea kusikiliza. Kabo, kijana mpole kwa kweli, aliyesoma na binti yake, akaanza kueleza habari za mizigo, za bandari, za kiwanda huko Ulaya. Kelebonye hakumsikiliza hadi mwisho. Aliinua kile kibao cha kaunta, akaingia ndani.

"Mma, huku hairuhusiwi! Zile zilizomo zina wenyewe!"

"Ehee," alisema Kelebonye. "Nataka kuwajua."

Akavuta mlango. Ubaridi ukampiga usoni. Visanduku vilijaa rafu mbili, vimepangwa vizuri, kila kimoja kimebandikwa karatasi. Akachukua cha kwanza akakisogeza mpaka puani. Maandishi yakawa utitiri. Akakipeleka mbali, akakirudisha. Wapi!

"Rra Mosimanegape," aliita bila kugeuka. "Njoo unisomee."

Mzee alichechemea akapita chini ya kibao kile, na Kabo hakumzuia. Akakisoma cha kwanza kwa kidole, polepole kama anavyosoma Biblia. Akataja jina. Akasoma cha pili, cha tatu. Kwenye foleni mtu alikuwa anaguna kila jina likitajwa, maana wenye majina hayo hakuna aliyewahi kuwaona siku ya wagonjwa. Kelebonye alikuwa anawafahamu wote kwa kipimo cha kiuno.

Kwenye cha nne mzee akasita.

"Soma, Rra."

"Hiki kimeandikwa mara mbili." Akakigeuza kwenye mwanga. "Juu ni Segokgo, kwa kalamu. Chini yake pamepigwa chapa, halafu pamechorwa mstari."

"Pameandikwaje hapo chini?"

Rra Mosimanegape akamtazama kwanza, kisha akamtazama Kabo aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Kelebonye," alisoma. "Ya tarehe sita, mwezi wa nane."

Friji likaanza kulia, ule mlio mwembamba wa mlango ulioachwa wazi. Likalia, likalia, na dukani mle hakuna aliyenyoosha mkono kuufunga.