Nusu ya Maneno ya Daktari

Mzee Nyongesa alivunjika mguu asubuhi moja ya mvua kule Bumula, akimfukuza mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye maharagwe yake. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Nyonga yake ya kulia ilikuwa ya chuma. Aliwekewa miaka ya nyuma, wakati baridi yabisi ilipomfanya ashindwe hata kuvaa viatu, na tangu hapo alikuwa amelima, amepalilia na kwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo alipoteleza, jirani aliyemwinua alimwambia asiogope, chuma hakivunjiki.

Chuma hakikuvunjika kweli. Uliovunjika ni mfupa wa paja uliokishikilia, na chuma kikabaki kinacheza ndani kama jembe lililolegea kwenye mpini.

Hospitali ya Bungoma walimpiga picha wakasema kazi hiyo wao hawaiwezi, apelekwe Kitale kwa daktari wa mifupa. Bintiye Nasike alikuwa ameolewa huko Kitale na Kinyua, na alikuwa akiuza viazi sokoni. Aliacha magunia yake kwa jirani akakimbilia hospitalini. Kakake Khisa, mwenye duka la mabati na misumari mjini Bungoma, alifika siku iliyofuata.

Daktari Chepkemoi aliwaita wote wawili pembeni mwa wadi. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na hakuwaficha kitu.

"Mguu nitautengeneza," alisema. "Nitatoa hicho chuma niweke kingine kirefu zaidi, nifunge mfupa kwa waya. Kinachonitia wasiwasi ni mwenye mguu. Umri wake ni mkubwa. Moyo wake umechoka, ndiyo maana miguu inamvimba. Damu iko chini. Na kwa uvunjikaji wa namna hii wanaume hufariki zaidi ya wanawake. Wazee kama yeye, si wachache, hawamalizi mwaka."

Nasike aliuma midomo. Khisa alitikisa kichwa polepole.

"Lakini nisikieni," daktari akaendelea. "Kinachowaua sana ni kulala. Mapafu yanajaa, damu inaganda, mgongo unaoza. Tukimfanyia haraka, mkileta watu wa kutoa damu, mkamsimamisha mapema na kumlisha vizuri, ana nafasi. Msinikawize."

Wakatoka nje. Nasike alianza kuhesabu vidoleni ni nani wa familia anaweza kutoa damu. Khisa alikuwa ameegemea ukuta akiangalia simu.

"Wewe umesikia vile amesema?" akauliza. "Moyo, miaka, damu. Mzee ameenda huyo."

"Amesema ana nafasi."

"Hayo ni ya kutupa moyo, bana. Daktari atasema nini ingine?"

Akarudi Bungoma jioni hiyo, na maneno aliyopeleka Bumula ni nusu ile aliyoisikia. Nasike alipowapigia wajomba na binamu kuhusu damu, kila mmoja alikuwa ameshaongea na Khisa. Mmoja alisema anaumwa mgongo. Mwingine alimuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini waendelee kumtesa mzee, si wamwache apumzike. Walikuwa wakiongea juu yake kwa sauti ile ya matangani, na yeye bado alikuwa hai Kitale akilalamika kwamba chai ya hospitali haina majani.

Damu ilitoka kwa watu wa kanisa la Kinyua. Wanawake wawili wenye vibanda karibu na Nasike sokoni walitoa, na mwenye lori la viazi akatoa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona Mzee Nyongesa.

Upasuaji ulichukua muda mrefu. Kwa siku kadhaa baadaye mzee alichanganyikiwa kwa homa, akamwita Nasike kwa jina la mamake aliyekufa na kumwambia afunge ndama. Kisha homa ikashuka. Mwuguzi akamkalisha kitandani, kesho yake akamsimamisha, naye akatukana kwa Kibukusu hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Nasike alimpigia Khisa simu ampe habari hizo. Khisa alisema ni vizuri, akauliza kama daktari bado anasema ule moyo ni mbaya.

Hospitalini hakuja tena. Mzee alipomuuliza bintiye kwa nini, Nasike alisema duka lina kazi nyingi.

Alipotoka hospitalini alikaa kwa Nasike hadi akaweza kutembea akiegemea fremu kutoka chumbani mpaka uani. Akaanza kuulizia mtamba wake, yule mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa, na migomba iliyokuwa kando ya kaburi la mkewe. Akasema anataka kwenda kwake. Kinyua akaazima gari, wakampeleka Jumamosi.

Migomba haikuwepo. Mahali pake palikuwa pamefyekwa na kusawazishwa, pana kama uwanja, kaburi la mkewe likiwa upande mmoja. Shamba la maharagwe lilikuwa limelimwa kwa trekta na kupandwa miwa. Zizi lilikuwa wazi, halina hata kinyesi kibichi. Mlango wa nyumba ulikuwa na pazia jipya, na nyuma ya pazia akatoka mke wa Khisa, Phanice, akapiga magoti kumsalimia na kukaa hivyo hivyo, hajui ainuke vipi.

Khisa alikuja kwa bodaboda kutoka mjini. Alipomwona babake amekaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, fremu mbele yake, alisimama mbali kidogo.

"Baba. Umepona."

"Mtamba wangu yuko wapi?"

"Tuliuza. Kulikuwa na matayarisho."

"Matayarisho ya nini?"

Khisa aligeuka kuangalia upande wa kaburi la mamake.

"Migomba?"

"Ni hema, baba. Watu wangekuwa wengi, wangekaa wapi? Hata hilo shamba nimekodisha tu mtu wa miwa. Si daktari alisema. Nasike alikuwa hapo, muulize. Alisema uko na moyo mbaya, uko na miaka mingi, huna damu."

"Ni kweli," mzee akasema. "Nina hayo yote. Wewe alisahau kukutaja."

Phanice aliomba waingie ndani wanywe chai. Mzee aliuliza kitanda chake kiko wapi, akaambiwa kimepelekwa kwa watoto, chumba chake wanalala yeye na Khisa sasa, lakini kitanda kinaweza kurudishwa leo leo. Akasema wasijisumbue. Akamwambia Kinyua awashe gari.

Aliishi Kitale tangu hapo. Alimfundisha Nasike kupanda vitunguu nyuma ya nyumba kwa mistari iliyonyooka, akagombana na Kinyua juu ya mpira redioni, akawa anatembea hadi kwa mwenye lori la viazi kupiga porojo. Jina la Khisa hakulitaja. Wakati wa baridi miguu ilianza kuvimba tena, na pumzi ikawa fupi. Dawa ziliongezwa. Mwisho wa Agosti, kabla mwaka haujaisha tangu aanguke, alikufa akiwa ameketi, akisubiri uji upoe.

Nasike alimpigia kakake.

"Si nilisema?" Khisa akasema. Alisema bila ubaya, kama mtu ambaye amebishiwa kwa muda mrefu na sasa imeonekana alikuwa sawa. Kisha akauliza mwili uko mochari gani, na kama watu wa Kitale watakuja na gari lao.

Nasike alimjibu yote mawili. Alikata simu, akaenda kuwaambia wale wanawake wa sokoni.