Zege la Siku Kumi na Mbili

Zege lilikuwa na siku kumi na moja, na Mkurugenzi alitaka mirunda itolewe kesho yake.

Fundi alisimama chini ya ukumbi mpya wa chuo, kichwa kakirudisha nyuma, akiangalia mbao zilizokuwa bado zimelibeba dari. Chini ya mbao hizo ilisimama mirunda mia na sita, miti mitupu iliyonyooka, kila mmoja na kabari yake mguuni. Zege lenye upana ule, mita saba bila nguzo katikati, linataka siku ishirini na nane kabla halijaachwa lisimame lenyewe. Fundi hakulisoma hilo mahali popote. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo hajaandika zaidi ya vipimo ukutani kwa penseli. Lakini amemwaga zege miaka thelathini na moja, na zege halijawahi kumdanganya. Waliosoma wamemdanganya mara nyingi.

"Kesho haiwezekani, bosi," alisema. "Bado bichi."

Mkurugenzi aligonga nguzo ya pembeni kwa pete yake. "Gumu hili. Sikiliza."

"Hata mkate ukiugonga juu ni mgumu. Ukate ndani."

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa mtu mnene wa kiatu safi, mwenye chuo, na kiatu hicho alikuwa anakilinda kwa kukanyaga juu ya vipande vya mbao. Nyuma yake alisimama shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu wa historia, ameshika daftari la jalada jeusi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mafundi walimwita Kalenda. Jina lake halisi hakuna aliyelijua wala aliyelitaka.

Kila asubuhi Kalenda alisimama mbele ya wanafunzi waliojipanga uwanjani akawasomea mambo yaliyotokea siku kama ile. Mwaka fulani mfalme fulani alikatwa kichwa. Mwaka fulani meli fulani ilizama. Mafundi walimsikia wakiwa juu ya jengo na ndoo mabegani. "Leo kafa nani?" alikuwa akiuliza Msumari, mdogo wake Fundi, mwanamume wa miaka arobaini, mwembamba, ambaye siku nzima alitembea na misumari mdomoni. Wenzake walimjibu, "Wote. Beba ndoo."

Kama Kalenda angeishia hapo, angekuwa redio tu, na redio mtu huizoea. Lakini Mkurugenzi alimwamini. Aliamini kwamba tarehe zina uzito, kwamba jambo likianzwa siku iliyowahi kuona jambo kubwa, nalo litakuwa kubwa. Mtu mwenye majengo manne na gari mbili alikuwa hawezi kununua meza bila kumuuliza shemeji yake nani alizaliwa siku hiyo.

Ndiyo maana zege lilichelewa. Juni ishirini na saba nondo zilikuwa zimefungwa, saruji iko stoo, mashine ya kuchanganyia imekodiwa na imeshawashwa. Kalenda akapanda ngazi, akapekua daftari, akatikisa kichwa. Siku ile ilikuwa nyepesi, alisema. Wangoje Julai sita.

"Julai sita kuna nini?" Fundi aliuliza.

"Mwaka 1885, siku kama hiyo, daktari mmoja alimchoma mtoto sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Mtoto akapona."

Fundi aliziangalia nondo zake, kisha akamwangalia Kalenda. "Na hili zege limeng'atwa na nani?"

Walingoja siku tisa. Mashine ikazimwa. Julai sita ikaja na manyunyu na baridi ya kuingia mifupani, hali ya hewa ambayo zege huichukia, na wakalimwaga hivyohivyo, kwa heshima ya yule mbwa.

Sasa Kalenda alifungua daftari tena. "Julai ishirini ndiyo ufunguzi, Fundi. Mwaka 1969 binadamu alitua mwezini. Mwaka 1976, siku hiyohiyo, chombo kikatua sayari ya Mirihi. Miaka saba imepita katikati, tarehe ileile! Unaona? Ni siku ya kutua."

"Mimi nataka hili lisitue," alisema Fundi.

"Kadi zimeshachapwa," Mkurugenzi alisema. "Wageni mia tatu. Watakaa juu kwenye viti, halafu watashuka hapa chini kunywa chai. Unataka wanywe chai msituni?"

"Basi niachie mstari wa katikati tu. Mirunda ishirini. Wapige picha pembeni."

"Kesho, Fundi. Yote."

Wakaondoka, mmoja akikanyaga vipande vya mbao, mwingine akikanyaga alipokanyaga mwenzake.

Jioni ile Fundi alifanya jambo ambalo mpaka leo likimjia huona aibu. Alikaa mezani, akamwita binti yake aliyekuwa na simu nzuri na subira kidogo.

"Mwanangu, nitafutie Agosti tatu."

"Agosti tatu ya nini, baba?"

"Ya mwaka wowote. Jambo kubwa. Liwe zuri." Kwa sababu Agosti tatu ndiyo siku zege lingetimiza siku zake ishirini na nane.

Binti alichokora simu. "Mwaka 1492, baharia alitweka matanga na merikebu tatu, akaenda mpaka nchi ambayo watu wa kwao walikuwa hawaijui."

"Wenye nchi walimwalika?"

"Hapana."

"Basi Mkurugenzi ataipenda. Na Julai ishirini nitafutie. Hiyo iwe mbaya."

Nayo ilipatikana. Yote hupatikana. Siku ni mia tatu sitini na tano tu na watu wamekuwa wakizaliwa, wakiuana na kuvumbua vitu kwa maelfu ya miaka. Ukichota kokoto popote kwenye lundo lile utapata ya kukupendeza na ya kukukata mkono. Fundi alilijua hilo huku akiandika tarehe zake kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mtu mzima, mjuzi wa kazi yake, amekwenda kumkodi baharia wa miaka mia tano iliyopita aje aseme kile ambacho maji na saruji vilikuwa vinasema vyenyewe.

Asubuhi, Julai kumi na nane, aliwapelekea. Aliwakuta ofisini wanakunywa chai. Alisoma polepole, kidole juu ya herufi.

Kalenda hata hakuweka kikombe chini. "Agosti tatu, 1914," alisema, "Ujerumani iliitangazia Ufaransa vita. Fundi, unataka tufungue chuo siku ya vita?"

"Na hiyo Julai ishirini yako? Mwaka 1944 bomu lililipuka chini ya meza, watu wakiwa mkutanini. Ndani ya chumba. Kama hicho unachotaka kufungua."

"Aliyelengwa alipona."

"Na waliokaa karibu nalo?"

"Hao," alisema Kalenda, "historia haiwataji sana."

Mkurugenzi alipangusa midomo. Alikuwa amechoka. "Fundi. Mimi sikukuita kwenye somo la historia. Unatoa mirunda au nimwite mwingine? Wako getini pale, wamekaa juu ya ndoo zao tangu alfajiri."

Ni kweli walikuwako. Fundi aliwaona alipoingia, na alijua yeyote kati yao angetoa mirunda yote kabla ya saa nne bila kuuliza zege lina siku ngapi. Hapo ndipo mahali pake pa kukataa. Alikuwa na mdomo, alikuwa na miguu miwili ya kutokea mlangoni, na alikuwa na mafundi kumi na mmoja ambao wangemfuata wakitukana. Alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni.

"Nitatoa," alisema.

Alirudi kwenye ukumbi. Msumari alimwangalia usoni, akatema misumari kiganjani.

"Kaka, amekubali?"

"Tunatoa."

"Siku kumi na mbili?"

"Umesikia. Tunatoa polepole, tunaanzia katikati tunakwenda pembeni. Lakini kwanza yale matofali ya juu yashushwe."

Juu ya zege yalipangwa matofali mia sita ya kuta za juu, yakingoja. Msumari akatuma watu. Hawakufika ngazini. Mkurugenzi alikuwa amekuja kusimamia, na akasema matofali yakishushwa leo yatapandishwa tena baada ya sherehe, huo ni upuuzi wa watu wanaolipwa kwa siku. Yabaki. Kalenda alikuwa nyuma yake, ameshika simu tayari kupiga picha mirunda ikianguka, ili aiweke kwenye daftari. Siku moja mtu angesoma, labda, kwamba siku kama ile ukumbi ulisimama kwa miguu yake.

Fundi alikubali na hilo. Ukishakubali la kwanza, la pili halina hata haja ya kukubembeleza.

Walianza. Nyundo inapiga kabari, kabari inatoka, mrunda unalegea, mtu anaubeba. Kumi. Ishirini. Fundi alikuwa ameshika uzi chini ya dari, ameuvuta kutoka ukuta hadi ukuta, akiangalia kama zege linashuka. Mrunda wa thelathini ulipotoka, zege lilikuwa limeugusa uzi. Wa thelathini na nne, uzi ulikuwa umepinda kama tumbo la ng'ombe.

Halafu sauti. Si kubwa. Kama mtu anatafuna muwa chumba cha pili.

"Tokeni!" Fundi alipiga kelele. "Tokeni wote!"

Wakatoka. Mafundi wana masikio, walikimbia hata kabla hajamaliza neno. Mkurugenzi aliyekuwa mlangoni aliwatangulia wote, kiatu kikazama kwenye tope na hakukiangalia. Msumari naye alikuwa ameshatoka. Ameshatoka kabisa, amefika kwenye jua. Kisha akageuka akarudi hatua tatu kuchukua nyundo aliyoiacha kwenye kizingiti, kwa sababu nyundo ilikuwa ya kaka yake.

Dari lilishuka katikati kwanza, likavunja mirunda iliyobaki, na matofali mia sita yakaja nyuma yake. Vumbi lilitoka mlangoni kama linasukumwa. Lilipotulia, Msumari alikuwa amelala nusu nje, nusu ndani.

Hospitalini waliwaweka Fundi na wenzake kwenye benchi la mbao kwenye korido. Fundi alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Saa nane mchana daktari alipita akasema wameukata mguu. Saa tisa akaja Kalenda, na mfuko wa machungwa, na daftari.

Alikaa. Alikohoa. Akafungua mahali alipoweka kidole.

"Unajua, Fundi," alisema kwa sauti ya msibani, "Julai kumi na nane siyo siku nzuri. Mwaka wa sitini na nne baada ya Kristo, mji wa Roma ulishika moto siku kama ya leo. Uliungua karibu wote."

Fundi alimgeukia. Alimwangalia muda mrefu, kama anavyoangalia ukuta uliojengwa na mtu mwingine.

"Ulikuwa unajua hilo jana?"

"Nimekuwa nalijua miaka mingi."

"Na hukusema."

"Hukuniuliza leo kuna nini," alisema Kalenda. "Uliniuliza Agosti."

Fundi alichukua mfuko wa machungwa, akampa mgonjwa aliyekaa benchi la pili. Hakumpiga Kalenda. Kumpiga kungekuwa kumpa tarehe.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Msumari alikuwa amesikia la wakuu wote watatu: la Mkurugenzi, la Kalenda, na la kaka yake. Fundi alijihesabu humo, wala hakujiweka wa mwisho. Wale wawili hawakujua zege. Yeye alijua.

Julai ishirini sherehe ilifanyika uwanjani, chini ya turubai. Kalenda alisoma habari za mwezini na wageni wakapiga makofi.

Hesabu ni hii. Mguu mmoja wa kulia, kuanzia chini ya goti. Meno mawili ya mbele. Zege lote la ukumbi, lililobebwa kwa malori saba kwenda kutupwa. Mafundi kumi na mmoja bila kazi mpaka Oktoba. Na Msumari, ambaye tangu ajue kusema alimwita Fundi kaka, sasa anamwita Fundi, kama watu wengine.